Saa Sitini za Mtu Baki

Daftari lilikuwa la kijani, lenye kurasa thelathini na mbili, na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipewa moja kama mtu anavyopewa kadi ya hospitali. Ndani lilikuwa na sehemu tatu: ubunifu, mazoezi na huduma kwa jamii. Juu ya jalada walichapa "Kutoa ni moyo", na ile nusu ya pili ya methali, inayosema usambe ni utajiri, hawakuichapa, labda wino uliwaishia. Bila muhuri katika sehemu zote tatu, jina lako halipelekwi, na jina lisipopelekwa, cheti hukioni hata ukiwa umefaulu mpaka ukapitiliza.

Binti mmoja wa darasa hilo, ambaye wenzake walimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake mfupi uchomao, alikuwa amekwisha pata mihuri miwili. Kwa ubunifu alisuka kikapu kilichoegemea upande mmoja kama mlevi, wakakipokea. Kwa mazoezi aliandika kwamba kila siku hupandisha ndoo nne za maji mpaka ghorofa ya tatu, wakayakataa, maana mazoezi lazima yawe na mpango na malengo. Basi akaingia timu ya netiboli, akasimama pembeni ya uwanja muhula mzima akipiga miayo, na kwa hilo wakampa muhuri.

Ilibaki huduma. Saa sitini. Sindano alipoona hiyo sitini alicheka peke yake. Bibi yake mzaa mama alipooza upande wa kulia miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo huduma ndiyo ilikuwa maisha ya nyumba yao. Mama yake alifua mashuka hospitalini, zamu ya saa nane mchana mpaka saa nne usiku. Asubuhi Bibi alikuwa wa mama, na kuanzia saa tisa alasiri alikuwa wa Sindano. Kumwosha, kumbadilisha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko huku ukimfuta upande ule wa mdomo usiojifunga, na kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda. Saa sitini kwake zilikuwa wiki moja na kidogo. Akaziandika zote kwa mwandiko wake mzuri, akapeleka daftari.

Lilirudi na mstari mwekundu toka kona hadi kona. "Kifungu cha tisa," iliandikwa pembeni. "Huduma kwa ndugu, jamaa au watu wa nyumbani kwa mwanafunzi haihesabiwi."

Aliyetunga kifungu cha tisa bila shaka alikuwa mtu mwenye nia njema na mfanyakazi wa ndani. Aliwazia watoto wanaojiandikia saa kumi kwa kumfungulia baba lango la gari. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtoto anayetoka shule akiwa anakimbia, si kwa sababu ya kupenda nyumbani, bali kwa sababu mtu mzima amelala juu ya shuka la mpira lililolowa anamsubiri.

"Sasa nifanyeje, mwalimu?" Sindano aliuliza.

Mwalimu aliyeulizwa swali hilo alifundisha jiografia, na juu ya jiografia alibandikwa uratibu wa madaftari ya kijani bila kupunguziwa hata kipindi kimoja. Wanafunzi walimwita Mama Muhuri. Alikuwa na madaftari mia moja na arobaini mezani, mengine sakafuni, na viatu alivivua akaviweka chini ya kiti.

"Tafuta mtu baki," alisema bila kuinua macho. "Yeyote, mradi si wako."

"Na wa kwangu atahudumiwa na nani?"

"Mwanangu, hilo daftari halijauliza."

Nje, chini ya ngazi, alimkuta Redio akilia kwa hasira. Redio alipewa jina hilo kwa sababu tangu kidato cha kwanza hakuna aliyewahi kumzima. Naye daftari lake lilikatwa mstari mwekundu. Yeye alikuwa na babu, kinyozi wa zamani aliyebaki na mboni zenye ukungu na miguu iliyovimba, na saa zake zote alizipata kwa huyo babu.

Wakakaa ngazini, daftari juu ya daftari, na wazo likaja lenyewe bila mmoja kuweza kusema ni la nani. Bibi wa Sindano ni mtu baki kwa Redio. Babu wa Redio ni mtu baki kwa Sindano. Wakibadilishana wazee, kila mmoja atapata saa zake na hakuna mzee atakayekosa mtu.

Babu alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Kinyozi hajinyoi," akasema. "Nyoaneni, wajukuu zangu. Nyoaneni."

Ikawa siku tatu kwa wiki, saa mbili na nusu kila siku. Saa tisa wakitoka shule, waliagana njia panda, kila mmoja akashika njia ya nyumbani kwa mwenzake.

Sindano hakutegemea kuipenda kazi ile, lakini aliipenda, na ndicho kilichokuja kumuuma baadaye. Kwa yule babu alifika akiwa mgeni, na mgeni hana haraka. Alimkata kucha, akamsomea gazeti la juzi, akamtembeza hadi barazani kwa hatua za mtoto. Babu alimfundisha kunyoa: ngozi ivutwe kwa kidole gumba, wembe ufuate mlalo wa ndevu kwanza, usimuulize mtu swali wakati uko shingoni mwake. Kila baada ya saa tano daftari lilitaka nusu ukurasa wa kujibu, umejifunza nini, umebadilika vipi. Kwa hiyo Sindano alilazimika kumtazama mzee yule, kumsikiliza na kumkumbuka, ili awe na cha kuandika. Akaandika kwamba mzee akinyamaza ghafla maana yake ni aibu, anataka kupelekwa msalani. Akaandika kwamba ukimwambia unachotaka kufanya kabla hujamgusa, hashtuki. Mama Muhuri alipiga alama ya vema pembeni: "Tafakuri nzuri."

Siku moja alirudi nyumbani mapema kidogo. Alikuwa ghorofa ya pili alipoisikia sauti, akasimama na mkono juu ya ukuta. Bibi alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha upande mmoja, chenye mate ndani yake, lakini kilikuwa kicheko. Kwa miaka miwili hakuwahi kukisikia.

Alipoingia alimkuta Redio amekaa kitandani, kabisa kitandani, amekunja miguu, anamsimulia Bibi habari za mlinzi wa shule na mpishi wa shule na barua iliyookotwa kwenye gunia la mchele.

"Haya Bibi, barua aliiokota nani?"

"M... mkuu," alisema Bibi.

"Mkuu gani?"

"Mkuu wa... shule!" Na kikaja tena kicheko.

Mtaalamu wa viungo hospitalini aliwaambia tangu mwanzo: msemesheni, mwacheni atafute neno mwenyewe, msimmalizie. Sindano aliitikia. Lakini nani ana dakika nne za kusubiri neno "maji" wakati uji unaungua, na shuka limelowa, na mtihani ni kesho? Alikuwa akiona jicho la Bibi limegeukia kikombe, analeta maji, basi. Alijisifu kwamba anamwelewa Bibi bila maneno. Sasa alisimama mlangoni na mkoba begani, na wivu ukamkaba. Mimi nilimgeuza kama godoro, akawaza. Nilimgeuza vizuri, kwa wakati, hakutoka kidonda hata kimoja, na nilimgeuza kama godoro.

"Mbona umenuna?" Redio aliuliza.

"Nimechoka tu."

Na ni kweli alikuwa amechoka. Kuchoka kwake hakukuwa kwa kulala ukaamka kumeisha. Kulikuwa kwa kuamka nako.

Saa arobaini zilipotimia, mjomba wa Redio alikuja na gari akamchukua babu kwenda kuishi kwake, mji mwingine. Lilikuwa jambo jema. Huko kulikuwa na nyumba ya chini isiyo na ngazi. Babu alimshika Sindano mkono akamwambia asiache kunyoa, na gari likaondoka, na saa ishirini zikaondoka nalo.

Redio aliendelea kuja kwa Bibi, maana Bibi alikuwa pale pale, hakuna mjomba wa kumchukua. Na siku zile ambazo Redio yuko kwa Bibi, Sindano alizunguka mjini akitafuta mtu baki mwenye shida. Utadhani wenye shida hawatafutwi, wamejaa. Lakini shule nne za mji ule zote zilikuwa na madaftari, na tarehe ya mwisho ilikuwa moja. Kituo cha watoto kilikuwa na wanafunzi wa huduma wengi kuliko watoto. Kwenye nyumba ya wazee mlinzi alimwonyesha orodha ya kusubiri. Mama mmoja asiyeona, mwuza karanga, alimwambia, "Mwanangu, wiki hii nimevushwa barabara mara saba, na mara zote sikuwa naenda huko."

Jioni alirudi mikono mitupu. Redio naye, siku aliyotimiza saa sitini, alimbusu Bibi kwenye paji la uso akaenda kujisomea mitihani. Hakuna wa kumlaumu. Lakini kabla ya kuondoka alikwisha mweleza Bibi kila kitu, maana huyo ni Redio: kifungu cha tisa, mstari mwekundu, saa ishirini zilizopungua, na kwamba chuo cha maabara kilichokubali kumpokea Sindano hakitampokea bila cheti. Mama mdogo alikuwa tayari kuja kumwuguza Bibi mwaka unaoanza ili Sindano aende. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa muhuri.

"Kumbe kosa lake ni kuwa mjukuu wako tu, Bibi," Redio alimalizia, kwa mzaha. Bibi hakucheka.

Siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, saa kumi alasiri, mlango uligongwa. Sindano alikuwa amekunja mikono ya blauzi, beseni miguuni, nusu ya mgongo wa Bibi ikiwa na sabuni. Alifungua akijua ni jirani. Alikuwa Mama Muhuri, anahema, mkono mmoja kwenye nguzo ya mlango na mwingine umebeba mfuko wa madaftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ngazi gani hizi?" Alitafuta pa kukaa, akakiona kigoda, akakikalia. "Nimekuja kuhakiki saa za mwenzako. Wamesema siku hizi mihuri inagongwa hovyo, sasa natakiwa nimwone aliyehudumiwa kwa macho yangu. Ishirini na tatu nimekwisha waona. Huyu ni wa ishirini na nne." Kisha akamtazama vizuri. "Na wewe unafanya nini hapa?"

Sindano alisimama na kitambaa kinachodondosha maji. Chumba kilikuwa kimoja, na kilisema chenyewe. Sare ya shule ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Godoro la pili lilikunjwa likasukumwa chini yake. Vitabu vyake vilikuwa dirishani, karibu na dawa za Bibi. Mama Muhuri aliangalia sare, akaangalia godoro, akaangalia vitabu.

"Kwanza ya mwenzako," alisema, akamgeukia Bibi. "Bibi, kuna binti alikuwa anakuja hapa siku tatu kwa wiki?"

"Re... dio," alisema Bibi. "Ana... maneno!"

"Huyo huyo." Akaandika. Kisha akatoa daftari jingine mfukoni, la Sindano, akalifungua magotini. "Wewe umefikia arobaini. Ishirini zimepungua, na kesho kutwa nafunga. Haya, hapa ni kwa nani?"

Sindano alifungua mdomo. Alikuwa anataka kusema ukweli; hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Lakini Bibi alimtangulia.

"Si... wangu," alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Huyu." Mkono wa kushoto, ule mzima, ulinyanyuka kutoka shukani ukamwelekea Sindano. "Si... mjukuu. Si... ndugu." Alipumzika. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisimani. "Mtu... baki. Ana... kuja tu."

Sindano alielewa mara moja, na kuelewa hakukumsaidia kitu. Bibi huyu ndiye aliyempa jina, akambeba mgongoni hadi alipoanza shule ya chekechea na kugombana na nusu ya mtaa kwa ajili yake. Sasa alikuwa amekusanya maneno yake yote machache ili amkane.

Mama Muhuri alirudisha kurasa za daftari nyuma, polepole, mpaka akafika ule mstari mwekundu alioupiga mwenyewe. Aliusoma ukurasa chini ya mstari. Labda mara hii ndiyo kwanza aliusoma. "Bibi yangu mzaa mama," uliandikwa, kwa mwandiko mzuri. Akafunga ukurasa huo kwa kiganja.

"Anakuja tangu lini, Bibi?"

"Miaka... miwili."

"Anafanya nini?"

"Yote."

"Anafanya vizuri?"

Bibi alifikiri. Macho yake yalimwendea Sindano, yakakaa pale.

"Ana... choka," akasema.

Mama Muhuri alifuta uso kwa leso. Alionekana mzee kuliko shuleni. Akamnyooshea Sindano daftari na kalamu. "Jaza mwenyewe. Mimi vidole vimekufa ganzi. Saa ishirini, tarehe, anuani. Na hapo penye uhusiano na anayehudumiwa, andika kama alivyosema mwenyewe."

Sindano alijikausha mikono kwenye sketi. Akajaza saa, akajaza tarehe, akajaza anuani ya nyumba yake mwenyewe. Alipofika kwenye uhusiano, kalamu ilisimama. Angeweza kusema hapana. Alitamani kusema hapana. Alitamani kupiga kelele kwamba huyu ni wangu, damu yangu, na cheti chenu kibakie kwenu. Lakini alimwona Bibi anavyomtazama, ametoa macho, anasubiri, kama mtu aliyekwisha lipa nauli anayesubiri kuona kama gari litaondoka. Akaandika: Hakuna.

Bibi alitia alama ya msalaba penye saini ya anayehudumiwa, kwa mkono wa kushoto. Mama Muhuri aliweka daftari kwenye ukingo wa kitanda, akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupumulia, akaugonga. Kisha alinyanyuka kwa shida, akasema nusu ukurasa wa tafakuri si lazima mara hii, akaaga. Walimsikia akishuka ngazi moja moja, akipumzika kila ghorofa.

Sindano alikaa kitandani. Hakuwahi kukaa pale. Siku zote alisimama, au aliinama. Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Alilia bila sauti, mikono magotini, kwa uchovu wa miaka miwili na kwa lile neno moja ambalo wino wake haujakauka.

"Ume... pita?" Bibi aliuliza.

"Nimepita."

"Basi... usilie."

"Nisamehe, Bibi."

Nusu ya uso wa Bibi ilijikunja. Sindano alidhani ni maumivu, kisha akaona kwamba ni kicheko kinakuja.

"Bibi... yako... nani?" alisema Bibi. "Haya, mtu baki. Nige... uze."

Sindano alicheka huku kamasi zinamtoka. Aliingiza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, kama alivyofanya mara elfu. Halafu akasita. Kwa yule babu alikuwa akisema kwanza, ndipo anamgusa.

"Nakugeuza sasa, Bibi. Upande wa dirishani." Na alipokwisha kumgeuza, akamwekea mto mgongoni, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza hata siku moja. "Nikikugeuza, huwa inauma?"

Hakummalizia. Alisubiri neno lije lenyewe, na lilichukua muda.

"Inauma," Bibi alisema. "Siku... zote."